Daraja la kilomita 55 na pomboo ambao hakuna aliyewaita mkutanoni

Nilikuwa kwenye foleni ya feri pale Likoni, saa kumi na moja na nusu jioni, ule wakati Mombasa nzima inarudi nyumbani kwa mpigo. Kando yangu mtu amebeba kuku wawili, nyuma kijana wa mkokoteni anapiga kelele "pisha, pisha!", na mimi kama kawaida yangu niko kwa simu. Ndipo video ikaingia. Daraja jeupe, refu, limekata bahari katikati. Magari yanateleza juu yake, halafu ghafla daraja linaingia chini ya maji na magari yanapotea. Juu ya video mtu ameandika kitu kama: wenzetu wanavuka bahari kwa dakika 45, sisi bado tunasukumana na kuku.

Nilicheka. Halafu nikakasirika. Na hasira hiyo sisi watu wa Likoni tuna haki nayo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale Mtongwe na watu zaidi ya 270 wakafa. Mwaka wa 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama na mama na mtoto wake ndani, na nchi nzima ikakaa siku nyingi ikingoja watolewe. Kwa hivyo tuelewane mapema: mimi si mtu wa kupinga madaraja. Mimi nataka daraja jana.

Lakini ile video nilimwonyesha ami yangu, ambaye amevua samaki maji ya Mtongwe tangu kabla sijazaliwa. Aliitazama mara mbili. Nikangoja aseme "maajabu haya". Akaniuliza tu, "Sasa mwanangu, hapo lilipopita palikuwa na nini kabla?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa wiki kadhaa nikisoma historia ya hilo daraja ili nimjibu, na kile nilichokuta hakifai kubaki kwa familia. Posti ni ndefu. Chukua chai.

Wazo la 1983

Kwanza tuweke ramani kichwani. Kusini mwa China kuna Mto Pearl, na mahali unapoingia baharini mdomo wake ni mpana sana, kama faneli iliyogeuzwa. Upande wa mashariki wa faneli kuna Hong Kong na Shenzhen. Upande wa magharibi kuna Zhuhai na Macau. Ukitaka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa gari ilibidi upande juu mpaka faneli inapokuwa nyembamba, uvuke, halafu uteremke tena. Masaa. Ama upande boti za kasi, kama saa moja hivi.

Mwaka wa 1983 tajiri wa Hong Kong anayeitwa Gordon Wu, mhandisi na mwenye kampuni ya Hopewell, alitoa wazo: tupige daraja juu ya bahari. Fikiria wakati wenyewe. Hong Kong ilikuwa bado koloni la Uingereza. Macau ilikuwa chini ya Ureno. Zhuhai ilikuwa mji mdogo wa China uliotoka tu kutangazwa eneo maalum la biashara. Yaani jamaa anataka kuunganisha sehemu tatu zenye serikali tatu ambazo haziketi hata meza moja. Wazo likalala.

Hong Kong ikarudi China 1997, Macau ikafuata 1999. Na mwaka wa 2003 serikali kuu kule Beijing ikakubali kazi ya kupanga ianze, na kamati ya pamoja ya Guangdong, Hong Kong na Macau ikaundwa. Kutoka wazo hadi kamati: miaka 20. Kwa hivyo ukiskia mtu anasema wenzetu hawana mambo ya kuchelewesha miradi, mpe hiyo.

Sasa, ni nchi moja, lakini mpaka uko. Hong Kong ina sheria zake, mahakama zake, pesa yake. Macau pia. Hata kuendesha gari ni tofauti: Hong Kong na Macau wanashika kushoto kama sisi, China bara wanashika kulia. Kwa hivyo ukiingia kwenye hilo daraja kutoka Hong Kong, mahali fulani lazima barabara ibadilishe upande.

Na siasa haikukosa. Kulikuwa na mchoro wa herufi Y moja, yaani mguu mmoja Hong Kong na miguu miwili Zhuhai na Macau, na mchoro wa Y mbili ambao ungegusa Shenzhen pia. Y moja ikashinda. Shenzhen ikaachwa nje. Baadaye wakajengewa njia yao ya kuvuka kwenda Zhongshan, iliyofunguliwa Juni 2024. Kwa hivyo hapo hapo kwa faneli moja sasa kuna njia mbili kubwa za kuvuka. Shika hiyo, tutairudia.

Nani alikuwa na namba mezani

Hapa ndipo nilianza kuona kitu. Ukiangalia umbo la daraja hili, kila kona yake ya ajabu iko na sababu, na kila sababu ni namba ya mtu.

Kwa nini daraja linazama chini ya maji kama nyoka? Kwa sababu meli kubwa za mizigo zinaingia bandari za Guangzhou na Shenzhen kupitia hapo, na zinahitaji nafasi ya upana na kina fulani. Basi panda juu, jenga nguzo ndefu meli zipite chini. Haiwezekani, kwa sababu uwanja wa ndege wa Hong Kong uko jirani kabisa na ndege zina kimo chao, hutaki mnara mbele ya rubani. Huwezi kwenda juu, huwezi kuziba chini. Suluhisho likawa handaki la kilomita 6.7 chini ya sakafu ya bahari, lililotengenezwa kwa vipande 33 vya zege. Kipande cha kawaida kilikuwa na urefu wa mita 180 na uzito wa karibu tani 80,000. Kilielea, kikavutwa na meli, kikazamishwa, kikaunganishwa na mwenzake kule gizani. Na ili gari litoke juu ya daraja liingie handakini, ilibidi wajenge visiwa viwili pale ambapo hapakuwa na kisiwa, kwa kusimamisha mitungi 120 ya chuma yenye kipenyo cha mita 22 na kuijaza mchanga.

Kwa nini nguzo za daraja vitako vyake vimezikwa chini ya sakafu ya bahari? Kwa sababu ya mto. Mto Pearl unabeba tope jingi, na ukiweka vizuizi vingi njiani maji yanapungua kasi, tope linatua, njia za meli zinajaa na mafuriko yanaongezeka juu huko. Kwa hivyo wahandisi waliwekewa kikomo: daraja zima na visiwa vyake visizibe zaidi ya asilimia 10 ya mapito ya maji. Ndiyo maana visiwa vikafanywa vifupi na vitako vikazikwa.

Umeona? Meli zilikuwa na namba. Ndege zilikuwa na namba. Mto ulikuwa na namba. Na kila mwenye namba, daraja lilijikunja kumpisha, hata kama kujikunja huko kuligharimu mabilioni.

Matokeo ni kilomita 55 ukihesabu na barabara za kuunganisha, na gharama ambayo ripoti nyingi zinaiweka kati ya dola bilioni 18 na 20 za Marekani. Ujenzi ulianza tarehe 15 Desemba 2009. Rais Xi Jinping akalifungua tarehe 23 Oktoba 2018 kule Zhuhai. Na tusisahau waliolijenga: maafisa wenyewe walikubali kwamba wafanyakazi wasiopungua 18 walikufa kazini. Hiyo huwezi kuiona kwenye video ya droni.

Yule asiyekuwa na namba

Kwenye maji hayo hayo kuna pomboo. Si pomboo wa kijivu uliyezoea. Huyu akizaliwa ni wa kijivu, akikua anageuka mweupe, halafu mwekundu kidogo, rangi ya pinki kabisa. Wanasayansi wanamwita Sousa chinensis. Hong Kong ilimpenda hadi 1997, wakati wa sherehe za kurudi China, ikamfanya kikaragosi rasmi wa sherehe. Bango, fulana, kila kitu pinki.

Na kabla useme "hiyo ni mambo ya China", skia hii. Ami yangu anamjua binamu yake. Kwenye pwani yetu, kule Shimoni na Wasini karibu na Hifadhi ya Kisite-Mpunguti, tunaye Sousa plumbea, pomboo mwenye nundu. Ukoo mmoja, tabia moja: anapenda maji mafupi karibu na ufuo, karibu na midomo ya mito. Yaani pale pale binadamu anapotaka kujenga bandari na madaraja. Yetu yako kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, tena daraja la hatari lililo juu kuliko la yule wa China.

Maji ya mdomo wa mto ni machafu kwa tope, huoni mbele. Pomboo haoni kwa macho tu, anaona kwa masikio: anapiga sauti, inagonga samaki, inarudi, anajua samaki yuko wapi. Sasa leta meli za ujenzi, mashine za kuchimba sakafu, nguzo zinashindiliwa, miaka tisa. Fikiria uko sebuleni na jirani anatoboa ukuta kwa drili kila siku tangu ukiwa darasa la nne hadi umalize shule ya upili. Utahama.

Tuseme ukweli: hawakusahauliwa kabisa. Mwaka ule ule wa 2003 kamati ilipoundwa, China ilitangaza hifadhi ya kitaifa ya pomboo hao katika mdomo wa Mto Pearl, kama kilomita 460 za mraba. Halafu njia ya daraja ikapita ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Wakati wa ujenzi kulikuwa na watu kazi yao ni kutazama maji: pomboo akionekana karibu, kazi isimame mpaka apite. Upande wa Hong Kong walijaza bahari karibu hekta 150 kutengeneza kisiwa cha forodha na uhamiaji, na kwa kisiwa hicho wakatumia mbinu ya kutochimba matope ya chini ili maji yasichafuke sana. Hizo ni juhudi za kweli, na zinafaa kutajwa.

Lakini angalia tofauti. Ndege ilisema "hapana, kimo hiki hakipitwi" na daraja likaenda chini ya bahari. Pomboo hakuwa na "hapana". Alikuwa na "tutajitahidi". Mimi sikukuta karatasi inayosema: wakipungua chini ya idadi hii, tunasimama. Mstari ulikuwa umeshachorwa. Kilichobaki ni kupunguza makali.

Mama mmoja wa Tung Chung na swali lake

Sasa tunafika kwa sehemu ninayoipenda zaidi ya hii historia.

Hong Kong ina sheria ya tathmini ya athari za mazingira iliyoanza kutumika 1998. Mwishoni mwa 2009 vibali vya mazingira vya sehemu ya Hong Kong vikatolewa. Mapema 2010 mkazi mmoja mzee wa Tung Chung, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege na pale daraja linapotua, akaenda mahakamani kwa msaada wa kisheria wa serikali. Malalamiko yake hayakuwa pomboo. Yalikuwa hewa anayovuta.

Ripoti ya mazingira ilisema hivi: daraja likijengwa, uchafu wa hewa utabaki ndani ya viwango vinavyoruhusiwa. Safi. Lakini mama akauliza: na daraja lisipojengwa, hewa ingekuwaje? Kwa sababu kama hujui hewa ingekuwaje bila daraja, utajuaje daraja limeongeza uchafu kiasi gani? Unaniambia nitakuwa na joto la mwili digrii 37 na nusu, bado si homa. Lakini kama kawaida yangu ni 36, wewe umenipandisha digrii moja na nusu na unaniambia niko sawa.

Tarehe 18 Aprili 2011 Mahakama Kuu ikakubaliana naye. Vibali vikafutwa. Mradi mkubwa kuliko yote umesimama upande wa Hong Kong kwa sababu ya swali moja la mzee mmoja.

Raha haikukaa. Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi tarehe 27 Septemba mwaka huo huo. Ilisema sheria haikudai sura ya peke yake ya "bila mradi", na kwamba taarifa zilizokuwepo zilimtosha afisa kuamua. Ujenzi ukaendelea. Wengi walimlaumu mama kwa kuchelewesha kazi na kupandisha gharama. Yaani badala ya kuuliza mbona ripoti ya mradi wa mabilioni haikuwa na jibu la swali rahisi hivyo, watu wakamuuliza yeye mbona ameuliza.

Na hapa ndipo ile mipaka ya kwanza inarudi kutuuma. Sheria ya Hong Kong inaishia maji ya Hong Kong. Daraja lenyewe kuu liko maji ya China bara, na kule tathmini ilifanywa kwa sheria ya bara. Kumbuka tarehe: ujenzi ulianza Desemba 2009 upande wa bara. Wakati majaji wa Hong Kong wanasoma karatasi za mama wa Tung Chung, nguzo tayari zilikuwa zinakuja kutoka upande wa pili. Ungefanya nini? Useme nusu ya daraja iishie baharini? Mahakama ilikuwa huru kabisa, lakini swali lilikuwa limechelewa.

Mazee, hiyo ndiyo shida ya mradi unaovuka mpaka. Kila upande unapima kipande chake, na kila kipande kikipimwa peke yake kinaonekana kidogo. Pomboo hajui anatoka maji ya nani anaingia maji ya nani. Yeye anaishi kwenye daraja zima.

Hesabu baada ya sherehe

Idara ya serikali ya Hong Kong inayosimamia uvuvi na hifadhi imekuwa ikihesabu pomboo wa pinki kila mwaka. Mwaka wa 2003 ilikadiria 188 kwenye maji yake. Kabla daraja lifunguliwe makadirio yalikuwa yameshuka hadi 47. Mwaka wa 2018, mwaka wa kukata utepe, yalikuwa 32.

Pole pole hapa, kwa sababu mtu asije akasema nimedanganya. Daraja si mkosaji wa peke yake. Kulikuwa na boti za kasi za Macau zinazopita kwa fujo miaka mingi, uchafu wa mto, nyavu za uvuvi, na kuanzia 2016 uwanja wa ndege ukajaza bahari hekta 650 kwa ajili ya njia ya tatu ya ndege, mlango wa pili tu kutoka kwa daraja. Ukijaribu kugawa lawama, nani ana asilimia ngapi, utashindwa. Na nadhani kushindwa huko kunamfaa kila mtu aliyejenga. Kila mmoja anasema ni yule mwingine.

Kuna kitu kingine. Upande wa bara wanakuambia katika mdomo mzima wa mto wamewatambua pomboo zaidi ya 2,000, na kwamba hakuna aliyekufa kwa sababu ya ujenzi. Upande wa Hong Kong wanakuambia mwaka wa 2018 walibaki 32. Unadhani mmoja anadanganya? Hapana. Zote zinaweza kuwa kweli. Ukihesabu bahari yote, mambo si mabaya. Ukihesabu pale pembeni mwa kisiwa kipya, karibu wote wameondoka. Anayechagua mahali pa kusimama na kuhesabu ndiye anayechagua jibu.

Desemba 2016 Hong Kong ilitangaza hifadhi mpya ya baharini pale visiwa vya Brothers, kama hekta 970, iwe fidia kwa pomboo kwa yale yaliyojazwa. Nia nzuri. Lakini ilitangazwa wakati ujenzi umeshakula miaka mitano, na pomboo walikuwa wameshahama sehemu hiyo. Ni kama kumtengea mpangaji chumba wiki moja baada ya kumfukuza.

Wengine walianza na sifuri

Ungeniambia basi haiwezekani, daraja la bahari lazima liharibu. Nilidhani hivyo pia mpaka nikafika kwa daraja la Øresund kati ya Denmark na Sweden.

Hizi sasa ni nchi mbili kabisa. Walisaini makubaliano 1991, daraja likafunguliwa tarehe 1 Julai 2000. Na picha inafanana hadi inashangaza: kuna daraja, kuna kisiwa cha kutengenezwa, kuna handaki la chini ya bahari, na sababu ya handaki ni ile ile, meli na uwanja wa ndege wa Copenhagen ulio kando.

Lakini kulikuwa na mgeni mwingine mezani: Bahari ya Baltiki. Bahari hiyo imefungwa karibu pande zote. Maji ya chumvi na hewa ya oksijeni inayohitaji yanapitia kwenye milango michache myembamba, na Øresund ni mmojawapo. Ukiubana, unakaba bahari nzima. Watu walipiga kelele hadi 1994 waziri wa mazingira wa Sweden, Olof Johansson, akaondoka serikalini kwa sababu ya daraja hilo.

Kelele zilizaa namba, na namba ilikuwa sifuri. Daraja likimalizika, maji yanayopita yawe yale yale ya kabla. Kwa hivyo pale nguzo na kisiwa vilipoziba, walichimba sakafu sehemu nyingine kufidia nafasi. Hata matope ya kuchimba yaliwekewa kikomo: yasimwagike zaidi ya asilimia 5. Kikomo hicho kikapimwa kazi ikiendelea, si baada ya sherehe. Na kile kisiwa, Peberholm, kikajengwa kwa matope na mawe ya huko huko chini, halafu kikaachwa. Hakuna hoteli. Mimea ikajiotea, ndege wakaja wenyewe.

Siyo kwamba wale ni malaika na Wachina ni wabaya. Huko China waliupa mto namba yake, asilimia 10, na walitii. Tofauti ni moja tu: kule Øresund bahari iliwekewa namba kabla mchoro haujakauka, na nchi zote mbili zikafungwa na namba moja.

Sasa turudi kwa foleni

Kwetu kumepangwa daraja la kuvuka mlango wa Likoni, Mombasa Gate Bridge, kwa ushirikiano na Japani. Hadi naandika hii, bado tunapanda feri. Mlango wa Likoni hauvuki mpaka wa nchi, najua. Lakini maji yale yale yanaingia hadi Port Reitz kwenye mikoko, na yakitoka yanaingia bahari ile ile ya Kwale, ya wale pomboo wa nundu. Kaunti zina mpaka. Maji hayana.

Na somo la kuchelewa kuuliza tumeshalilipia hapa hapa. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Kampuni kubwa ya Kichina iliyojenga gati za kwanza za bandari hiyo, China Communications Construction, ndiyo hiyo hiyo iliyoongoza kazi ya visiwa na handaki la Hong Kong, kwa hivyo usidhani hiyo ni dunia ya mbali. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi hizo mbili zina tofauti moja kubwa. Kiwanda kilizuiwa kabla hakijajengwa. Bandari ilikuwa tayari iko ndani ya maji, kilichobaki ilikuwa ni kuhesabu hasara.

Sheria yetu ya mazingira ya 1999 inasema mradi kama huo lazima ufanyiwe tathmini, na wewe na mimi tuna haki ya kuisoma na kutoa maoni. Wengi wetu hatusomi. Tunangoja video ya droni. Mimi pia nilikuwa hivyo mpaka juzi.

Kwa hivyo ripoti ya daraja lolote la pwani ikitoka, usianze na picha za mwisho zenye magari na jua linazama. Tafuta ukurasa unaosema hali ingekuwaje bila daraja: samaki wangapi, mikoko kiasi gani, maji yanapita kwa kasi gani, wavuvi wanashusha mitumbwi wapi na siku ngapi kwa mwezi. Halafu tafuta namba ya "hapana", ile ambayo ikipitwa kazi inasimama. Ukikosa hizo mbili, uliza sasa, kabla ya trekta. Ukiuliza baada ya nguzo kusimama utakuwa mama wa Tung Chung: uko sahihi, na umechelewa.

Ami nilimrudishia jibu Jumapili. Nikamwambia palikuwa na pomboo wa pinki, 188 kwa upande mmoja, na sasa hawazidi robo ya hao. Akakaa kimya akitengeneza wavu wake. Halafu akaniuliza, "Na hapa kwetu wameshaanza kuhesabu?"

Hilo ndilo swali niko nalo wiki hii. Nimeanza kuandika barua.